Tepu Nyeusi Kwenye Waya wa Boti

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Akonaay kwao, nyuma ya Dongobesh, na mimi nilisimama mbele ya jeneza lake nikasema uongo. Sikuupanga. Msemaji wa familia alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba katika karakana ya zamani ya mashamba ya ngano, ile aliyoisimamia marehemu, amebaki mtu mmoja tu, Mama Paskalina, naye aje aseme neno. Nikaenda na magoti yangu mabovu. Nikasimulia ile hadithi ambayo nimeisimulia miaka yote, kwenye harusi za watu, siku ya kustaafu kwangu, mbele ya wanangu: jinsi Mzee alivyonikabidhi mimi, msichana pekee kati ya wanaume, boti iliyogoma kuwaka, na jinsi nilivyoiwasha. Watu wakacheka pale pa kucheka. Mjane akaitikia kwa kichwa. Nilipogeuka kurudi kwenye kiti changu nikamwona mzee mmoja amesimama nje ya turubai, shuka jeusi limemfika magotini, mikono miwili juu ya fimbo, na niliijua ile namna ya kusimama kabla sijaujua uso. Alikuwa Gidamis. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejiaminisha kwamba alishakufa, maana ilinirahisishia mambo.

Hadithi yangu ile haimtaji Gidamis, ndiyo maana ni fupi na inachekesha. Hapa nataka kuiandika yote, na anayetaka kunicheka anicheke, ila asitegemee kwamba nitajipamba. Nilifika Basotu msimu wa kupanda, na sanduku la bati na cheti cha umeme wa magari, umri wangu miaka ishirini na mbili. Enzi zile tambarare yote chini ya Mlima Hanang ilikuwa mashamba ya ngano ya serikali, yanaanzia mlangoni pa karakana na kuishia pale macho yanapochoka. Nilipewa chumba cha mwisho kwenye safu ya nyumba za bati, kitanda cha chuma, meza isiyokuwa na mguu mmoja, na ukuta wa mbao nyembamba kati yangu na jirani. Kupitia ukuta ule nilijua lini dereva wa trekta wa jirani amelewa na lini mkewe amenuna, na niliyajua maoni yao juu yangu. "Huyu wa umeme hamalizi mwaka," mke alikuwa akisema huku anakoroga ugali. "Mtoto wa watu, mikono yote grisi, nani atamwoa?" Mume anajibu kwamba si kazi yake kunitafutia mume. Mimi nakaa kitandani na sahani yangu ya makande, natafuna polepole ili nao wasinisikie.

Wanaume wa karakana hawakuwa wabaya, nisiwasingizie. Walikuwa wananyamaza tu. Nikiingia, mazungumzo yanakatika, kila mtu anageukia nati yake. Saa ya chakula walikaa kwenye benchi moja refu, nami nilikula juu ya pipa la oili lililogeuzwa, karibu na mlango, nikijifanya napenda hewa. Ajabu ni kwamba tulikuwa tunalima ngano ya kulisha miji, na mkate tuliuona ukipita kwenye gari la wakubwa. Mzee Akonaay, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, alinisalimia kila asubuhi, akaniita binti, akanifundisha sheria mbili za karakana yake. Ya kwanza, kila betri inafunguliwa jioni na kupelekwa stoo, maana betri ikilala kwenye trekta utaikuta imehama. Ya pili, kila kiungo cha waya kinapakwa grisi na kuzungushiwa tepu nyeusi mara tatu, kwa sababu wakati wa mavuno vumbi la ngano linaingia hata kwenye meno. "Adui yako hapa ni vumbi, binti," aliniambia. "Funga. Usiache kitu wazi." Nikafunga kila kitu. Nilikuwa na hamu ya kusifiwa mpaka naona aibu kuikumbuka.

Boti ilikuwa kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Maji ya kambi nzima yalivutwa na pampu kutoka Ziwa Basotu, na mdomo wa bomba, wenye chujio lake, ulikuwa ndani ya ziwa, mbali kidogo na ukingo. Magugu ya maji yaliuziba kila baada ya siku mbili tatu, na lazima mtu aende kuyatoa. Zamani walikwenda kwa kasia, hadi siku kiboko alipoupindua mtumbwi na mtu akavunjika mguu. Ndipo ikaletwa boti ya injini, ile injini inayoning'inia nyuma, ya kuwasha kwa funguo. Haikuwa na kamba ya kuvuta. Stata, ile mota ndogo ya kuizungusha injini, ikigoma, umekaa ufukweni. Mwendeshaji alikuwa Gidamis. Yeye ni wa wale wafugaji wa tambarare, na ng'ombe wake walibaki wachache baada ya malisho kulimwa. Aliniambia bila hasira, "Hapa ninapofanya kibarua, baba yangu alichunga." Kwa sababu stoo ilikuwa mbali na ziwa, na nyumba yake ilikuwa karibu, Mzee Akonaay alimruhusu kulala na betri ya boti nyumbani. Ni mtu pekee katika shamba lote aliyepewa ruhusa hiyo, na wengine hawakuipenda. Kila jioni ungemwona anapanda kilima na betri begani, anaishika kwa uangalifu, kama mtu anayebeba ndama.

Wiki yangu ya kwanza kwenye boti nilifanya nilichofundishwa. Nilipaka grisi, nikazungusha tepu mara tatu kila kiungo, na nilitia bidii hasa kwenye waya mnene wa ethi, ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini kwenda kwenye betri, ambao ulipita chini kabisa mwa boti. Gidamis alikuwa amechuchumaa ukingoni ananitazama. "Dada fundi," akasema, "kitu cha ziwani ukikifunga hivyo kinaoza. Hata ngozi, ukiifunika ikiwa mbichi, inaoza. Kiache kipate upepo." Nikamjibu, "Baba, wewe endesha. Umeme niachie mimi." Akacheka, nami nikacheka. Nakumbuka nilivyojisikia vizuri kwa sababu kulikuwa na mtu wa kucheka naye.

Jumapili baada ya ibada nilianza kwenda kwake. Nyumba yake ilikuwa fupi, paa la udongo, ukiingia unainama na moshi unakupokea machoni. Mkewe hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na neno moja: "Umekula?" Aliniuliza hilo kila nilipofika, na mwaka ule mzima hakuna mwingine aliyeniuliza. Maziwa alinipa kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi, na nilikunywa huku Gidamis akinihadithia habari za dunia. Alikuwa na redio ndogo, aliipenda kuliko kitu chochote chenye miguu miwili. Hela ya betri za redio hakuwa nayo, kwa hiyo aliokota zile kavu zilizotupwa kambini, akazianika juani mpaka zikapata joto, akazipanga sita kwenye mwanzi uliopasuliwa na kuzifunga kwa ukanda wa mpira. Waya mbili zilitoka nyuma ya redio hadi kwenye ule mwanzi. Alinionyesha kwa fahari, fundi kwa fundi. Nikamwambia ni kazi safi, na ilikuwa kazi safi kweli.

Mavuno yalipoanza, injini ikaanza kusita. Kwanza stata ilizunguka kizembe. Kisha ikawa unageuza funguo unasikia "ta", mlio mmoja, basi. Nikaanza kutafuta kwa utaratibu wa chuo. Gia niliirudisha katikati, maana injini ya boti ikiwa kwenye gia haikubali kuwaka. Fyuzi zilikuwa nzima. Vichwa vya betri nilivisugua, nikavikaza. Nikaunganisha solenoidi, ile swichi ya stata, moja kwa moja kwa bisibisi. Ikatoa cheche na mlio uleule. Nikaifungua stata, nikaibeba hadi karakana, nikaijaribu kwa betri ya mezani, ikazunguka vizuri mpaka ikataka kuruka. Nikairudisha kwenye boti: ta. Nikapima nyaya zote kwa taa ndogo ya kupimia, na kila waya taa iliwaka kweupe. Leo namfundisha mwanafunzi siku ya kwanza kabisa kwamba taa ndogo itakudanganya. Yenyewe inataka umeme kidogo tu, hata nyuzi tatu za shaba zinatosha kuiwasha. Stata inataka umeme mwingi kwa mkupuo, na waya usioweza kuubeba utajulikana hapo. Mwaka ule nilikuwa silijui hilo, au nililijua kwenye daftari.

Siku ya nne bila boti, chujio likaziba na mabomba ya kambi yakakauka. Wanawake wakaanza kuchota ziwani kwa ndoo, macho kwa kiboko. Kupitia ukuta nikamsikia jirani, "Tunateseka na watoto kwa sababu Mzee amempa mtoto wa kike mashine." Mume akasema, "Ijumaa anamrudisha kwao. Nimesikia." Na mimi nilikuwa nimesikia, kutoka kwa Mzee mwenyewe. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Aliniambia kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: boti ikiwaka hadi Ijumaa, nabaki, isipowaka, ataandika kwamba nafasi haikunifaa. Sikulala. Kurudi kwetu na lile sanduku la bati, kupita sokoni Dongobesh watu wakiniangalia, lilikuwa jambo nisiloweza hata kuliwaza mpaka mwisho.

Alhamisi asubuhi Mzee Akonaay alitukusanya mbele ya karakana, na Gidamis akiwemo. "Fundi," akasema, "watu hawana maji. Niambie mbele ya wenzako. Tatizo ni wewe au ni betri?" Benchi zima lilinitazama, kwa mara ya kwanza tangu nije. Nikasema, "Ni betri, mzee. Imechoka."

"Betri mpya itachokaje?"

"Labda inatumika jioni." Nikayasikia maneno yangu yanavyotoka, na nikaendelea. "Kwa Gidamis kuna redio. Ina waya mbili zinatoka nyuma."

Mzee akamgeukia. "Ni kweli?"

"Redio ipo," Gidamis akasema. "Waya zipo."

"Umeme wake unatoka wapi?"

Gidamis alinitazama mimi. Alinipa nafasi, naapa, alisubiri kabisa. Niliona ule mwanzi machoni pangu, betri kavu sita, ukanda wa mpira. "Dada fundi anajua," akasema hatimaye.

"Fundi, unajua nini?"

Nikatazama viatu vyangu. "Najua betri haina nguvu, mzee."

Ilimalizika hapo. Mtu mmoja kwenye benchi akasema wafugaji wamezoea wizi, mwingine akaitikia. Gidamis alipeleka betri na funguo ya boti stoo, akaviweka mezani bila kelele. Mzee Akonaay alisimama anamwangalia, amekunja uso, na alionekana ameumia, kama baba aliyetukanwa na mwanawe. Akipita karibu yangu, Gidamis alisimama kidogo. "Ulikunywa maziwa kwangu," akasema. Alilisema kama mtu anayejikumbusha, akaenda zake.

Mchana ule ikaletwa betri mpya kutoka stoo. Nikafunga, nikageuza funguo: ta. Mzee akaniongeza hadi Jumatatu, kwa kuwa lawama sasa ilikuwa na mtu wa kuibeba. Jumapili watu wote walikwenda kanisani, mimi nikashuka ziwani peke yangu. Nilikaa ndani ya boti na kuacha kuwaza, na pengine hilo ndilo lililonisaidia. Nikashika funguo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikawa napapasa nyaya, moja moja, huku nageuza. Waya wa ethi, pale kwenye kiungo, ulikuwa wa moto. Tepu yenyewe ilikuwa imelainika. Nikaibandua. Ndani yake kulikuwa na maji ya ziwa, yametulia kabisa, hayana pa kutokea, na shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Zilibaki nyuzi tatu nzima. Ilikuwa tepu yangu mwenyewe, mizunguko mitatu, nadhifu kama siku nilipoizungusha.

Kisha nikakata sehemu iliyooza, nikamenya waya, nikasugua shaba mpaka ikang'aa, nikakaza kiungo na kukiacha wazi kipate upepo. Nikageuza funguo. Injini ikawaka mara moja, ikanguruma, bata wote wakaruka upande wa pili wa ziwa. Nikageuka kumwambia mtu. Ndivyo nilivyofanya, niligeuka kabisa, na kwenye ule ukingo alipokuwa akichuchumaa hapakuwa na mtu. Nimekaa maisha yangu sehemu nyingi peke yangu, nimefiwa na mume, lakini upweke wa dakika ile sijaupata tena.

Mzee Akonaay alikuja mbio na suti yake ya kanisani, ameisikia injini toka njiani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ulifanya nini?"

"Nimerekebisha waya, mzee. Ulikuwa umeoza."

Akafikiri. Hakuwa mjinga. "Kwa hiyo ilikuwa waya, au betri?"

Angeniuliza swali lingine lolote ningelijibu kwa ukweli. "Vyote viwili," nikasema.

"Basi tulimwondoa mwizi kwa wakati," akasema, akaingia kwenye boti na viatu vyake vyeusi, akitaka nimtembeze. Nikamtembeza. Jioni wanaume wa karakana walisogea kwenye benchi wakaniachia nafasi, na jirani akagonga mlango na bakuli la samaki. Nilikula. Walikuwa samaki wazuri.

Wiki tatu baadaye nilikwenda nyumbani kwa Gidamis. Miiba ya boma ilikuwa imevutwa pembeni, ndani kuna majivu tu na ule mwanzi uliopasuliwa, hauna betri. Mchungaji aliyekuwa anapita aliniambia wamehamia upande wa Getanuwas. Getanuwas si mwisho wa dunia. Malori yalikuwepo, na Jumapili zangu zilikuwa tupu. Sikupanda hata moja. Nilibaki chumbani, napika, nasikiliza ukuta, na jirani sasa alikuwa ananisifu. Barua ya ajira ya kudumu ilikuja kabla mwaka haujaisha, imesainiwa na Mzee. Kipande cha waya uliooza nilikiweka kwenye kopo la majani ya chai, na kopo hilo nimehama nalo kila nilikohamia.

Baada ya mazishi watu walikuwa wanakula wali chini ya turubai. Nilimkuta Gidamis ameketi kwenye jiwe, sahani yake haijaguswa. "Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, dada fundi." Sauti ilikuwa imebaki ileile. "Nimesikia ulivyosema. Umesema vizuri."

Nikakaa chini kwenye nyasi na gauni langu la msiba. "Haikuwa betri," nikamwambia. "Ilikuwa tepu yangu. Ulinionya."

"Nilikuonya."

"Nililijua Jumapili ileile. Niliishika kwa mkono wangu. Nimekukosea, baba, na nimekaa nalo miaka yote hii."

Alitikisa kichwa taratibu. Sikuona hasira, na ningeipenda hasira. "Akonaay ulimwambia lini?" akauliza.

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaelewa. "Sikumwambia."

Akatazama kule kaburini, ambako wajukuu walikuwa bado wanapanga maua. "Wengine sikuwajali," akasema. "Wengine waliniita mwizi hata kabla. Yeye aliniachia betri nilale nayo nyumbani kwangu. Nilisema fundi ataona aibu, atamwambia, na Akonaay atakuja. Nilikaa nikimsubiri. Nilipopata habari kwenye mnada wa ng'ombe kwamba amekufa, nikasema nije nisikie, labda alishaambiwa, labda leo watalisema." Akanyanyuka kwa kuegemea fimbo, akaniwekea ile sahani ya wali mapajani, kama mtu anavyomwachia mgeni. "Sasa amekwenda nalo," akasema, akashika njia ya barabarani.

Nikainuka nikaenda kwa bwana aliyeleta vipaza sauti, nikamwomba nizungumze tena, dakika moja tu. Alikuwa ameshafungua vichwa vya betri, anakunja nyaya zake. "Tumemaliza, mama," akasema kwa heshima. "Umeme nimeshakata." Nikasimama palepale lilipokuwa jeneza asubuhi, nikaita kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo siku hizi haifiki mbali. Wanawake waliokuwa wanaosha sufuria waligeuka, na mjane, na wazee wawili watatu. Gidamis alikuwa ameshafika kwenye kona, hakuwa na namna ya kunisikia. Nikaanza na ile tepu.